Matuta ya Darasa la Tano

Saa tisa na dakika arobaini alasiri, Jumatatu ya tarehe 19 Agosti, tuta namba 14 lilitoka katika bustani ya shule likaelekea barabara kuu. Lilikuwa na urefu wa mita mbili na upana wa sentimita sitini, na juu yake palikuwa na mashina ishirini na mawili ya mboga ya chainizi. Majani makubwa yalikuwa yamekatwa asubuhi kwa ajili ya somo. Yalibaki madogo ya katikati. Tuta halikuinuka. Lilitambaa juu ya ardhi kwa mwendo wa mtoto, hatua tatu nyuma ya Faustina, mwanafunzi aliyelilima, na Faustina alipoinama kufunga kamba ya kiatu, nalo lilisimama likamsubiri.

Mwalimu Lea alikuwa mlangoni mwa stoo ya majembe, daftari mkononi. Aliandika saa. Kisha akachukua futi akaenda kupima mahali lilipokuwa tuta. Palikuwa pamebaki kifusi chekundu, kikavu, na ukingo wake ulikuwa umenyooka kama uliokatwa kwa panga. Matuta mengine thelathini na saba yalikuwa mahali pake. Alifunga stoo, akaweka ufunguo mfukoni, akamfuata Faustina.

Lea alizaliwa Mbalizi, na baba yake alikuwa mpima nafaka sokoni. Tangu utotoni alikuwa amezoea kuona watu wakibishana hadi mizani inapotua, kisha wakanyamaza. Alikuwa na mwaka wa tatu katika shule hii ya Nyololo, iliyo upande wa chini wa barabara iendayo Tunduma, na kazi aliyokabidhiwa nje ya vipindi vyake ilikuwa elimu ya kujitegemea. Maana yake ilikuwa bustani, jiko, na kuwafundisha watoto wa darasa la tano kulima chakula na kukipika.

Eneo alilopewa lilikuwa baya. Wajenzi wa barabara waliegesha mitambo yao hapo miaka miwili, na walipoondoka waliacha kifusi kilichoshindiliwa hadi jembe likawa linadunda. Lea alichimba mashimo matano ya kupima, asikute udongo wa juu hata sentimita moja. Kwa hiyo mwezi wa Julai, shule zilipofunguliwa, aliwaagiza wanafunzi wake thelathini na wanane walete udongo kutoka nyumbani, ndoo ndogo kumi kila mmoja. Huku karibu kila nyumba ina kinyungu, bustani ya bondeni ambayo hulimwa kiangazi kwa unyevu unaobaki chini, na udongo wa kinyungu ni mweusi na mwororo. Watoto walizoea kuagizwa vitu: fagio, kuni, samadi, maji. Wakachimba vinyungu vya kwao, wakabeba ndoo vichwani asubuhi baada ya asubuhi, wakitokeza kwenye ukungu mmoja mmoja kama wanaotoka nyuma ya pazia. Baada ya wiki mbili palikuwa na matuta thelathini na manane meusi juu ya kifusi chekundu. Miche ilikuwa tayari kitaluni. Katika daftari lake Lea aliliandika agizo hilo chini ya kichwa cha mafanikio.

Tarehe 19 ilikuwa siku yao ya kwanza ya kupika. Watoto waliosha majani kwa maji matatu, wakakata vitunguu, wakatwanga karanga. Faustina ndiye aliyepewa chumvi. Mboga ilipoiva, Lea alifuata mwongozo wa somo: kila mwanafunzi akakinga kiganja cha kushoto, akadondoshewa mboga kidogo kwa ncha ya mwiko, akailamba, akasema imepungukiwa nini. Kuonja kulikuwa na alama tano. Saa sita na nusu darasa la saba walikuja na sahani zao, wakakaa kwenye mabenchi, wakala ugali na ile mboga mpaka sufuria ikawa nyeupe.

Darasa la saba peke yao ndio waliokula shuleni. Ilikuwa hivyo kwa miaka minne, kwa sababu mtihani wa taifa uko Septemba na mtoto mwenye njaa hafanyi hesabu. Darasa la tano walisimama pembeni na madaftari yao, maana kuhudumia na kusikiliza maoni ya mlaji nako kulikuwa na alama tano. Anord, kiranja wa darasa la saba, alitoa maoni.

"Madam, wapunguze maji. Mboga inaogelea."

Watoto thelathini na wanane waliandika: Mlaji amesema mboga inaogelea.

Sasa Lea alimkuta Faustina kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, amesimama na tuta lake, wakingoja nafasi. Lori refu lenye shehena ya saruji lilipunguza mwendo, likasimama. Faustina akavuka. Tuta likavuka nyuma yake, majani madogo yakitikisika kwa upepo wa magari ya upande wa pili, na likaacha juu ya lami mstari mwembamba wa unyevu. Dereva alitoa kichwa dirishani.

"Mwalimu, miaka kumi na minane napita matuta. Hili ndilo la kwanza kunipita mimi."

"Lina haki ya kivuko," Lea alisema.

"Sijakataa. Livuke tu. Ila mwambie liangalie kulia kwanza."

Akaingiza gia akaondoka. Upande wa juu wa barabara njia ilipita kwenye msitu wa misindano, ambako ukungu ulikuwa umeanza kushuka, ukining'inia kati ya mashina kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Ndani ya ukungu Lea hakuliona tuta. Alisikia tu sauti yake, kama gunia linalovutwa kwenye nyasi, na mbele yake mtoto akiimba jedwali la saba. Saba mara sita. Saba mara saba. Walitembea kilomita tatu na nusu kwa dakika hamsini na tano.

Faustina aliishi na bibi yake, Damari, mwanamke mfupi aliyevaa sweta la kiume na kujifunga khanga mbili juu yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na kinyungu chake, akipukuchua mahindi.

"Kamwene, mwalimu," alisema.

"Kamwene, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Naona mmekuja watatu."

"Hilo limekuja lenyewe."

"Sasa lingeletwa na nani? Udongo wetu huo. Mwezi mzima umelala ugenini."

Katikati ya kinyungu palikuwa na shimo, pale Faustina alipochimba zile ndoo kumi. Tuta liliteremka bondeni, likazunguka mgomba, likaingia katika shimo hilo likatulia. Lea alipiga magoti, akapima ukingo wote. Hapakuwa na mahali ambapo kidole kingepenya.

"Umekula, Faustina?" bibi aliuliza.

"Nimeonja."

"Nini?"

"Chainizi ya karanga. Chumvi nimeweka mimi."

"Na nani amekula?"

"Darasa la saba."

Bibi alipukuchua gunzi lililokuwa mkononi hadi likaisha, akachukua jingine. "Mimi hujanionjesha," alisema.

"Nitakuletea."

Kisha bibi alimweleza Lea, kwa sauti ile ile ya kupukuchua mahindi, kwamba kiangazi soko lake ni hicho kinyungu. Tangu udongo ulipokwenda shule alikuwa anakula ugali kwa dagaa, na dagaa walipoisha, ugali kwa chai. Hakuwa analalamika. Mwalimu aliuliza hali ya nyumbani, naye alikuwa anajibu. Alipomaliza alishuka bondeni akachuma majani sita madogo kutoka tuta namba 14. Kwa mujibu wa kanuni za bustani majani hayo yalikuwa ya shule. Lea aliyaona yakichumwa, moja baada ya jingine. Hakuyaandika.

Jumanne yaliondoka matuta kumi na matano. Jumatano yakaondoka kumi na tisa. Alhamisi yalitoka matatu ya mwisho, na bustani ikawa kifusi kitupu chenye vigingi vya namba. Mwalimu mkuu, Silvester, mwanaume mpole aliyevaa tai hata siku za mvua, alikuja kuangalia huku mikono yake ikiwa nyuma.

"Yako wapi?"

"Nyumbani kwa wanafunzi," Lea alisema.

"Nani ameruhusu?"

"Hakuna. Kengele ikilia wanafunzi wanaondoka, na yenyewe yanaondoka."

Silvester alisogeza kigingi namba 9 kikanyooka. "Mali ya shule hailali nyumbani kwa mtu, mwalimu."

"Hayasikii."

"Wanafunzi wanasikia."

Ijumaa asubuhi, mstarini, alitangaza kwamba kuanzia Jumatatu kila mwanafunzi wa darasa la tano aje na tuta lake, na awe ameingia getini kabla ya saa moja na robo. Jumatatu wote walikuja nayo. Lea alimuuliza Faustina amefanyaje, kwa kuwa alihitaji kuandika mbinu.

"Nimeliambia twende shule."

"Ukaliambia kwa sauti gani?"

"Sauti ya kawaida, madam. Ya kumwambia mtu twende shule."

Hivyo utaratibu ukakaa. Alfajiri ukungu ulipokuwa bado umelalia barabara, matuta yalishuka kutoka vijiji vya juu, meusi na yenye umande, kila moja nyuma ya mtoto wake. Kwenye kivuko trafiki alikuja siku mbili, akatazama, akaelekeza yavuke kwa mafungu ya kumi. Madereva wa malori walizima taa kubwa na kusubiri. Mmoja alisema anapenda kupita Nyololo saa hizo kwa sababu kunanukia kama kwa mama yake baada ya mvua. Tuta la Vitus, anayeishi mlimani kabisa, lilichelewa mara tatu. Vitus akapewa adhabu ya kufagia uwanja, na tuta lilimsubiri penye kivuli cha choo mpaka alipomaliza. Jioni kengele ilipolia yote yaligeuka yakarudi kwao, yakaingia mashimoni, yakalala.

Nyumbani watu walichuma. Majani manne hapa, sita pale, mboga ya usiku mmoja. Kufikia mwisho wa wiki hiyo Lea, ambaye alipima mboga kila siku ya kupika kwa mizani ya jikoni, aliona kilo kumi na nne zikishuka hadi tisa, kisha sita. Alhamisi Anord alikuja na sahani yake hadi dirishani mwa jiko.

"Madam, leo mboga tumeitafuta. Mimi nimepata karanga na historia."

Darasa la tano waliandika hilo pia.

Kamati ya shule ilikutana Ijumaa ya tarehe 30 katika darasa la kwanza, wajumbe wakikaa kwenye viti vidogo na magoti yao juu. Mwenyekiti alikuwa Bwana Danieli, mfanyabiashara wa mbao, mtu wa maneno machache aliyeheshimiwa kwa kumaliza vikao kabla ya saa nane. Lea aliomba nafasi. Alikuwa amejiandaa kwa siku nne. Alieleza kwamba watoto ishirini na watatu kati ya thelathini na wanane wa darasa la tano huja shuleni hawajatia kitu mdomoni, na hawatii kitu hadi watakapofika nyumbani saa kumi au kumi na moja, isipokuwa kile wanachoonja kiganjani. Aliwahesabu mwenyewe, kwa mikono iliyonyooshwa macho yakiwa yamefumbwa ili asiwepo wa kumwonea mwenzake aibu. Aliomba kwamba siku ambazo darasa la tano wanapika, Jumatatu na Alhamisi, nao wale. Kwa kipimo chake mboga ingetosha kama haichumwi nyumbani, na isingechumwa kama watoto wangekuwa wameshiba.

Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho.

"Unga ni wa nani, mwalimu?"

"Wa wazazi wa darasa la saba."

"Na mboga?"

"Ya darasa la tano."

"Hapana. Mboga ni ya shule. Darasa la tano wanajifunza mboga. Hawaili."

Silvester alisoma matokeo. Kabla ya chakula cha darasa la saba shule ilikuwa ya sitini na moja kati ya sitini na nne wilayani; mwaka jana ilikuwa ya ishirini na tatu. Lea alizijua namba hizo. Zilikuwa sahihi. Mjumbe aliyeitwa Marta, mama yake Anord, alinyoosha mkono.

"Mimi sina ugomvi na watoto wa watu. Lakini na wetu walipita la tano. Walipika, wakaonja, wakangoja. Hawa nao wangoje, si watafika? La saba halihami."

Watu walicheka kidogo. Lea hakukaa.

"Udongo ni wa nyumba zao," alisema. "Kule kumebaki mashimo."

"Udongo uliagizwa na nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Na mimi."

"Kwa maandishi?"

"Kwa maandishi. Ubaoni na kwenye madaftari yao."

"Basi wewe ndiye uliyeufanya wa shule, mwalimu, na tunakushukuru. Kwa hilo hatuna la kuongeza."

Lea alikaa. Kiti kilikuwa cha mtoto wa miaka saba, na alipokikalia meza ilimfika mabegani.

Suala la matuta kutembea lilichukua dakika nne. Mjumbe mmoja alipendekeza uzio, mwingine akauliza uzio wa nini wakati getini yanapita na wenyewe. Mwenyekiti alisema kutembea yatembee tu, hawezi kuidhinisha kamba za kufungia udongo. Kilichoamuliwa ni mavuno. Kila siku saa tisa kamili, nusu saa kabla ya kengele, majani yote yaliyofikia ukubwa wa kiganja yakatwe, yalale stooni juu ya gunia la maji, yapikwe siku ya kupika inayofuata. Aliyepewa kusimamia alikuwa Mwalimu Lea. Kikao kilifungwa saa saba na dakika hamsini.

Jumatatu ya tarehe 2 Septemba walifika wageni wawili wa mradi wa lishe. Walikaa mpaka alasiri kuona matuta yakiondoka, wakayapiga picha yakivuka barabara. Mmoja aliuliza kama kutembea huko kunaisaidia jamii kujifunza teknolojia. Silvester alisema kunasaidia. Mgeni akaandika "bustani tembezi" na kuuliza kama shule nyingine zinaweza kufundishwa. Mchana walikuwa wamekula na darasa la saba, wakasifu mboga, wakataka kujua nani amepika. Darasa la tano walinyoosha mikono. Wageni waliwapigia makofi.

Kila siku saa tisa Lea alipita kwenye matuta na kisu. Alipima jani kwa kiganja chake mwenyewe, akakata lililofika, akaacha lisilofika. Faustina alimfuata na beseni.

"Madam, namba 14 tuache hata mawili?"

"Yamefika kiganja."

"Yamefika kiganja chako. Cha bibi ni kikubwa, kwake hayajafika."

Lea alitazama majani hayo mawili. Yalikuwa sentimita kumi na saba, yote mawili. Akayakata.

"Bibi anauliza mboga yangu ikoje," Faustina alisema, akisogeza beseni.

"Mwambie."

"Nimemwambia ina karanga, ina vitunguu, chumvi ya wastani. Anasema hayo ni maneno, hayalambiki."

Tangu siku hiyo matuta yalirudi nyumbani yakiwa na vijiti vya majani yaliyokatwa. Njiani yalikwenda polepole kuliko zamani. Lea alipima, akakuta dakika saba zaidi kwa umbali ule ule. Hakuwa na maelezo, akaacha nafasi ya maelezo wazi. Watu wa vijiji vya juu hawakuja kulalamika. Waliyapokea matuta, wakayamwagilia, wakayaona yakichipua usiku na kuondoka asubuhi.

Alhamisi ya tarehe 5 Septemba ilikuwa siku ya mwisho ya kupika kabla ya mtihani. Lea alitaka mboga ile iwe bora, akawapa watoto muda wa ziada. Hawakuweka maji mengi. Karanga zilitwangwa mpaka zikatoa mafuta. Faustina alitia chumvi kwa vidole vitatu, akakoroga, akatia tena kidogo, akasimama ameuinamisha uso juu ya mvuke akisikiliza. Saa sita na dakika kumi watoto walipanga mstari na kukinga viganja. Lea aliwadondoshea mmoja mmoja. Walilamba, wakasema: haijapungukiwa kitu. Faustina alipodondoshewa alikunja vidole, akafumba mkono.

"Onja," Lea alisema.

"Nitaonja baadaye, madam."

Mwongozo ulisema mwanafunzi aonje. Haukusema lini. Lea aliweka kistari kwenye nafasi ya alama, akamwita anayefuata.

Darasa la saba walikula. Anord alilamba sahani pande zote mbili, akaja dirishani.

"Madam, leo sina maoni."

Watoto waliandika: Mlaji hana maoni.

Mchana kulikuwa na kipindi cha hisabati. Faustina aliandika kwa mkono wa kulia, na wa kushoto aliuweka mapajani, umefumbwa. Saa tisa alishika beseni kwa mkono mmoja, akaliegemeza kiunoni. Lea alikata majani ya matuta yote thelathini na manane. Kulikuwa na baridi, na ukungu ulikuwa umeshafika kwenye milingoti ya magoli. Katikati ya vidole vya Faustina ulitoka mvuke mwembamba, ulionyooka, ukapanda hadi karibu na sikio lake ukapotea. Lea aliuona. Hakuwa na kipimajoto, kwa hiyo hakuandika joto.

Kengele ililia saa tisa na nusu. Matuta yaligeuka. Lea alifunga stoo, akaacha daftari ndani, akarudi kulichukua, akafuata nyuma ya namba 14. Kwenye kivuko walisimama na wengine tisa, ndilo fungu lao. Lori lililokuwa mbele lilikuwa lile la saruji.

"Leo mmeyanyoa," dereva alisema.

"Ni agizo," Lea alisema.

Dereva aliyatazama yakipita yote kumi, vijiti vifupi vyeupe vikitoa maji pale vilipokatwa. Aliwasha taa za tahadhari ili walio nyuma yake wasipige honi.

Msituni hakukuwa na wimbo. Faustina alitembea akiwa ameuweka mkono kifuani, na kila alipofika penye utelezi aliangalia kwanza mkono, ndipo akaangalia njia. Mara moja alijikwaa. Tuta lilisogea haraka likamkinga, akaangukia magoti kwenye udongo laini, mkono wa kushoto ukiwa juu. Akainuka, akapukuta sketi, wakaendelea.

Bibi Damari alikuwa kwenye kigoda chake.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, bibi."

Tuta liliteremka bondeni, likazunguka mgomba, likaingia shimoni likalala. Faustina alipiga goti moja mbele ya bibi yake, akanyoosha mkono, akafumbua vidole. Katikati ya kiganja palikuwa na mboga kiasi cha ncha ya mwiko, kijani kibichi, karanga zikiwa bado zinang'aa mafuta, na mvuke ukipanda. Bibi alifuta midomo kwa pindo la khanga. Aliinama akalamba mara moja, nusu yake, akakaa amefumba macho.

"Chumvi iko sawa," alisema.

"Nimeweka mimi."

"Sufuriani imebaki?"

"Darasa la saba wamemaliza."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Alimtazama Lea, kisha daftari alilokuwa amelishika, kisha akaushika mkono wa mjukuu wake na kuvikunja vidole kimoja kimoja, kuanzia kidole kidogo, mpaka ukafumbika tena.

"Nusu nyingine kesho," alisema.

Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini na moja.